Wawili wa Bonde la Mianzi

Uyole, Jumatano jioni

Sekela mwanangu,

Umesema kusuka kutachukua masaa matatu. Ninavyomjua Mama Neema na simu yake, matatu yake ni matano, kwa hiyo nina muda wa kuandika barua hii na hata wa kuichana. Moja nimeshaichana. Ilianza kwa kukuhimiza usali na ule vizuri. Nilipoisoma nikaona kama vile nimeandikiwa mimi na shangazi yako.

Habari za soksi, dawa ya tumbo na kutoazimisha chaja sitaziandika. Shangazi alikupa zote jana, ukamwitikia "ndiyo shangazi" mara kumi na moja bila kuinua macho kwenye simu. Nilihesabu. Kuhesabu sauti ndiyo kazi pekee niliyowahi kuifanya vizuri, kabla sijaanza kufungua redio za watu hapa Uyole na kubakiwa na nati mbili kila ninapozifunga.

Kuna jambo moja tu ambalo lazima ulijue kabla basi la kesho asubuhi halijaondoka. Linahusu ndege unayemfuata. Nimelibeba tangu kabla hujazaliwa, na wiki tatu hizi, tangu uliponionyesha ile ramani, limekuwa zito kuliko begi lako. Na begi lako nimeshajaribu kulinyanyua.

Unaikumbuka siku ile. Uliingia kibandani, ukaitandaza ramani juu ya spika ya mteja, ukaweka kidole kwenye nukta nyekundu.

"Baba, ona. Bonde la Mianzi. Hapa ndipo wewe na mama mlipomsikia. Wawili, dume na jike. Baada yenu hakuna mtu aliyewahi kumsikia tena humo."

Kisha ukanisomea ulivyoandika kwenye maombi ya kazi: kwamba wewe ni binti wa msikilizaji wa mwisho, na kwamba unaomba upangiwe bonde hilo mwaka mzima. Ulikuwa umefurahi mpaka maneno yanagongana mdomoni. Mimi nikashika kikombe cha chai nikasema, "Ndiyo, karibu na hapo." Halafu nikainama chini ya meza kutafuta bisibisi iliyokuwa mkononi mwangu.

Sekela, katika Bonde la Mianzi hatukumsikia ndege. Wale wawili ni mimi na mama yako.

Usikunje karatasi kwanza. Soma mpaka mwisho, halafu ukitaka kuikunja uikunje.

Unajua ndege mwenyewe alivyo, umeshasoma kuliko mimi. Mimi nitamweleza kama tulivyomjua. Ni mdogo, ukimweka kiganjani itabaki nafasi ya mwenzake. Kichwa na kifua ni rangi ya udongo wetu wa Iringa mvua ikishapita, mgongo ni rangi ya jani lililosahaulika. Anaishi chini chini, kwenye giza la vichaka, huko milimani ambako ukifua shati Jumatatu unalivaa bichi Jumapili. Kitabuni wamempa jina la mke wa mtafiti mmoja. Sisi tulimwita kindege cha chini, basi. Unaweza kufanya naye kazi miaka kumi usimwone mara kumi. Unamsikia tu. Dume anaanza, mluzi mrefu unaopanda kama mtu anayeuliza, na kabla hujavuta pumzi jike ameshaingia na milio miwili mifupi ya chini. Wanapokezana hivyo mpaka mgeni anaapa kwamba ni ndege mmoja.

Mimi nilienda kambini kubeba mizigo. Nilipata cheo kwa kuosha sufuria. Dokta, yule mtafiti aliyekuwa mkuu wetu, alinisikia nikipiga mluzi wa dume huku nasugua masizi, akasimama na mswaki mdomoni akitazama vichakani. Nilipogeuka na kuupiga tena mbele yake, akasema kuanzia kesho sibebi tena, nasikiliza. Nilikuwa na miaka ishirini na sita na hakuna mtu aliyekuwa amewahi kunisifia kitu chochote isipokuwa kula.

Mama yako alikuwa ametoka Tukuyu kuja Mufindi kuchuma chai. Chai ikamshinda, au kama alivyosema mwenyewe, msimamizi wa chai ndiye aliyemshinda, akaja kambini kupika. Nilimpenda siku ya kwanza na sikuwa na la kumwambia. Unanijua. Kwa hiyo kila alipoteremka mtoni nilikuwa nasimama njiani napiga nusu ya dume, kisha nanyamaza. Siku nne hakuna kitu. Siku ya tano ikapanda kutoka mtoni nusu ya jike, imekaa mahali pake sawasawa. Niliangusha gunia la unga.

Bibi yako wa Tukuyu alipokuja kusikia habari hizo hakufurahi. Kwake yeye mwanamke anayepiga mluzi ni sawa na mwanamke aliyekaa juu ya meza ya chakula. Alimwambia mama yako, "Umeolewa na Mhehe, sawa, nimevumilia. Sasa na ndege pia?" Mama yako alicheka siku nzima.

Basi, sikia kosa lenyewe.

Wale ndege walikuwepo upande wa juu, kwenye msitu mkubwa, na wapo mpaka leo. Huko hakuna ubishi. Bonde la Mianzi lilikuwa limekatwa mbao na kuungua miaka ya nyuma, na Dokta alitaka kujua kama amerudi. Tulipiga kambi mwezi mzima. Kila asubuhi saa kumi na mbili kila msikilizaji alikuwa mahali pake, kimya, na fomu yake, dakika kumi kwa kumi, akiandika kila sauti na upande ilikotoka. Sheria ilikuwa moja: wakati wa kusikiliza hakuna mtu kutembea, kukohoa wala kuita. Tulisikia vingine vyote. Yeye hatukumsikia. Dokta akasema ikifika Jumamosi bila kitu tunafunga kambi, kila mtu kwao.

Ijumaa ilikuwa na ukungu wa kutoona hata goti lako. Mimi nilikuwa kwenye kituo changu chini ya bonde, Dokta kwenye mgongo wa mlima mkabala. Mama yako hakuwa na maji ya uji, akaivunja sheria akateremka. Nikasikia ndoo ikigonga jiwe. Sikumwona, lakini nilijua ni yeye, na nilijua kesho kutwa hatutakuwa na kijito cha kukutania. Nikapiga. Akajibu. Nikapiga tena. Tulijisahau, mwanangu. Mara nne, mara tano, katika ule weupe, na wewe ukiwa tumboni mwake miezi minne, kwa hiyo usijifanye hukuwepo.

Saa nne Dokta aliteremka anakimbia. Mtu mwenye magoti mabovu, aliyekuwa anashuka ngazi za kambi kwa tahadhari, alikuja ametapakaa tope mpaka kwenye miwani. Ameshika fomu. Alikuwa ameandika saa, upande, na idadi: wawili. Akanishika mabega.

"Festo, wewe ulikuwa chini kule. Niambie sijachanganyikiwa. Umewasikia?"

Mama yako alikuwa anapakua uji. Upawa ukasimama hewani.

Nikasema, "Nimewasikia, Dokta. Wawili. Dume na jike."

Dokta akakaa chini kwenye majani mabichi akavua miwani, akajifuta macho kwa mkono wa shati. Akafungua kopo la biskuti alilokuwa analitunza kwa ajili ya siku yake ya kuzaliwa. Mama yako alikataa biskuti, akasema ana kichefuchefu, na kwa hali yake hakuna aliyemtilia shaka. Tulipobaki wawili aliniambia, "Utamwambia leo." Nikasema kesho. Kesho ile naiandika sasa hivi.

Nilikuwa na sababu nzuri, nikupe hiyo kwanza. Kambi ingefungwa, mama yako mjamzito, na mimi sijui kufanya kazi yoyote zaidi ya kusimama kimya. Ukimwambia mtu yeyote hapa Uyole sababu hiyo atanipa pole. Lakini siyo iliyofungua mdomo wangu. Nilipoiona ile fomu, Sekela, nilifurahi. Mtaalamu aliyesikiliza ndege miaka ishirini amenisikia mimi na kuniandika. Nilitaka kubaki pale kwenye karatasi, hata kama nilikuwa nimeandikwa kama ndege. Ningeweza kumwambia papo hapo, tungecheka, angenitukana kidogo, tungekula uji. Kila saa iliyopita ikafanya kicheko hicho kuwa kigumu zaidi, na ilipofika jioni kilikuwa kimekwisha.

Ikawekwa nukta nyekundu. Wakaanza kuja wageni, nami ndiye niliyekuwa nawapeleka. Wasiposikia nilikuwa na majibu. Mvua imezidi. Mvua imepungua. Upepo. Moshi wa mashamba. Kuna bwana mmoja nilimwambia tatizo ni koti lake la njano. Alirudi mwaka uliofuata kutoka mbali huko na koti la kijani, akakaa kwenye matope siku sita, akanishukuru. Yule bwana bado namuota.

Lakini malipo yangu halisi yalikuwa haya. Tangu Ijumaa ile mama yako hakunijibu tena msituni. Nilipiga njiani, nilipiga mtoni, akawa anapita na ndoo yake kama aliyesikia mti. Hakugomba. Nyumbani, mlango ukiwa umefungwa, huko alijibu, na wewe alikufundisha nusu yake ukiwa mgongoni kabla hujajua kusema "mama". Msituni hapana. Nilikuwa na mke, nilikuwa na kazi, nilikuwa na mtoto, na nilikuwa natembea humo ndani nikiwa peke yangu kuliko nilivyokuwa kabla sijamjua. Ungenikuta ungeona mtu mchangamfu, anachekesha wageni. Nimekuwa hivyo tangu wakati huo. Utani mwingi unaoucheka nilijifunza kule, nikijaza mahali palipokuwa na kimya.

Alipougua ulikuwa na miaka sita. Unakumbuka zile wiki kwa shangazi, na mimi nikija siku za soko na mkate wa maziwa. Wodini alikuwa anazungumza habari ndogo ndogo: ng'ombe wa bibi, sketi yako ya shule. Siku moja, katikati ya habari za sketi, akaniambia, "Usimwachie mtoto ndege wetu." Nikamwambia atapona atamwambia mwenyewe. Akanitazama kama anavyonitazama mteja ninapomwambia redio itakuwa tayari Jumatatu.

Na mimi nikakuachia. Ulikuwa unanilazimisha kila ulipotaka kulala: simulia wewe na mama mlivyowasikia. Nikasimulia. Nikaongeza ukungu, nikaongeza biskuti. Dokta akawa mrefu zaidi kila mwaka. Ulipochagua kusomea wanyamapori nilijua umechagua kwa sababu ya kitu ambacho hakikutokea, nikakununulia begi.

Kuna kipande kimoja kimebaki, na nimekaa hapa nikigongesha kalamu mezani kwa muda, sijui kama nikuandikie. Nakuandikia.

Baada ya mazishi, tulipomaliza matanga, nilirudi kambini kukusanya vitu vyangu. Asubuhi moja nikateremka Bonde la Mianzi, nikakaa kwenye lile jiwe la ndoo. Ukungu ulikuwepo, lakini kule ukungu uko siku zote, usiupe maana. Nikapiga nusu yangu. Nikanyamaza pale alipokuwa anaingia. Maji tu. Nikapiga mara ya pili. Maji. Mara ya tatu, ng'ambo ya kijito, kwenye mianzi iliyoanguka, milio miwili mifupi ya chini, mahali pake sawasawa.

Sikusimama kuangalia. Mimi, msikilizaji, niliyefundishwa kubaki kimya dakika kumi na kuandika. Nilikimbia. Nilichana suruali, nikaacha kofia, nikafika barabarani nalia kama mtoto aliyefukuzwa na mbwa. Wiki hiyo hiyo nikakuchukua tukaja Mbeya, na nikawaambia watu nimefuata biashara.

Sijui nilisikia nini. Inawezekana amerudi kweli. Mianzi ilikuwa imeota vizuri. Inawezekana ilikuwa ni masikio ya mtu aliyekuwa hajalala siku tisa. Usidhani nakuletea hili ili lifute lile. Kama yumo, hakuja kunitetea mimi, na fomu ya Ijumaa inabaki ni uongo. Ila nisingekuambia nusu ya habari halafu nikasema umesikia yote.

Kwa hiyo hivi ndivyo nilivyofanya. Namba ya kiongozi wenu ilikuwa kwenye barua yako ya kuitwa kazini, nimeichukua bila ruhusa, nisamehe na hilo. Nimeandika karatasi nyingine, fupi, haina utani hata mmoja, imesema nilichofanya na siku niliyokifanya, na nimeweka sahihi. Ukishasoma hii nitampigia, na karatasi nitaipeleka mwenyewe kwenye mabasi. Usiibebe wewe. Kosa langu litasafiri kwa nauli yangu. Dokta naye nitamtafuta; amestaafu, nimeambiwa anafuga nyuki.

Sijui watakufanyia nini. Wanaweza kukupangia bonde jingine. Wanaweza kuisoma ile sentensi yako nzuri, binti wa msikilizaji wa mwisho, na kutazamana. Hilo ndilo limeninyima usingizi, kuliko aibu yangu, ambayo nimeizoea kama kiatu. Utaingia kambini siku ya kwanza na jina lako lina tope, na wewe hukukanyaga popote. Ungekuwa na haki ya kuniuliza kwa nini nisinyamaze tu mwaka mmoja zaidi. Jibu ni kwamba nilikuona akilini: wewe, umevaa buti zangu za zamani, umekaa kwenye jiwe lile asubuhi mia tatu, unasikiliza kwa bidii zote, ukidhani shida ni masikio yako.

Siyo masikio yako. Masikio yako ni ya mama yako.

Kama bado watakupeleka bondeni, nakuomba mambo mawili tu, nayo siyo ya soksi. Usipige mluzi humo, hata siku ukinikumbuka, hata ukimkumbuka yeye. Daima kuna mtu kwenye mlima wa pili. Na ukisikia, andika ulichosikia. Ukisikia nusu, andika nusu. Ukisikia kimya, andika kimya, siku zote mia tatu, na mtu asikufanye uone kwamba umerudi mikono mitupu. Mimi leo ningetoa chochote niwe mtu aliyeandika kimya siku ile.

Kuhusu mimi, usiwe na wasiwasi, nitakuwa na redio za watu. Hapa jioni kuna kelele za kutosha kumtosha mtu mmoja. Nitakachokikosa ni saa kumi na mbili na nusu, ukifika getini. Napiga nusu yangu kutoka jikoni, wewe unajibu kabla hujagusa komeo. Kesho nitapiga, najijua, halafu nitanyamaza mahali pale. Nimewahi kukaa mahali pale. Panakalika.

Barua hii nilikuwa nimepanga kuiingiza ndani ya buti la kushoto. Ungeikuta ukiwa umeshapita Makambako, mimi niko mbali, salama. Nimeshaikunja kabisa ienee. Kisha nikaona ni yale yale: ninapiga mluzi nikiwa ndani ya ukungu, naacha mtu mwingine ahangaike kunijua. Nimeikunjua. Naiweka mezani chini ya kikombe chako, na mimi nitakaa kwenye kochi hapa hapa, taa imewashwa, mpaka uimalize. Ukitaka kunigombeza, nigombeze uso kwa uso. Ukitaka kunyamaza, nitanyamaza na wewe.

Nasikia hatua zako, na ile sandali yako inayoburuta. Umesimama getini. Unasubiri nusu yangu.

Leo sipigi. Nitakuja kufungua geti, niite jina lako kwa sauti yangu.

Baba yako,
Festo